Adabu za Klementina

Kama msiba ulikuwa wa ukoo wa watani wake, Klementina hakuhitaji kuitwa. Alikuja mwenyewe, na alisikika kabla hajafika uani, akiuliza kwa sauti ya juu kama kuna chakula au wafiwa wameficha mchele chini ya kitanda cha marehemu. Aliingia amejipaka majivu usoni, amevaa koti la marehemu ndani nje, anakohoa kama alivyokuwa akikohoa marehemu na kuchechemea kama alivyochechemea, na mjane aliyekuwa hajatia kitu kinywani siku mbili alijikuta anacheka mpaka kanga inamdondoka. Kaburi likishachimbwa, Klementina aliruka ndani, akalala chali, akatangaza kwamba nafasi imeshachukuliwa na hatoki mpaka apewe kuku.

Ifakara nzima ilimjua kwa kazi hiyo. Alikuwa Mpogoro wa upande wa Mahenge, mjane wa mvuvi, mwenye shamba la mpunga na mdomo usiokuwa na mlango. Ukoo wake na ukoo wa Mzee Sebastiani, Mndamba wa mtoni, walikuwa watani tangu enzi za vita ambavyo hakuna aliyekumbuka vilianzia wapi. Wakizikana, upande mmoja unalia na upande mwingine unachimba, unaosha, unapika na kutukana. Na matusi yale hayakuwa ya mchezo tu. Kama ulimnyima mama yako uji alipokuwa mgonjwa, mtani alikuambia mbele ya umati, ukitaka usitake. Watu walicheka, wewe uliona aibu mpaka kwenye kucha, ukatoa kuku, na mambo yakaishia pale pale. Kuanzia kesho yake hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kukurushia neno hilo tena, hata mkigombania mpaka wa shamba.

Mwaka 1957 ndipo ulipoanzishwa Umoja wa Wananchi wa Bonde, na Klementina alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuchukua kadi. Alikuwa na sababu. Msimu uliotangulia, tarishi wa jumbe aliwakusanya wanawake kumi na wawili kwenye tope, akawachuchumalisha tangu asubuhi mpaka jua la utosi, akiwaita ng'ombe kwa sababu pamba yao haikupandwa kwa mistari. Mmoja wao alikuwa mjamzito. Klementina alijaribu kusema na tarishi, akaambiwa afunge domo. Yeye, ambaye hata mapadre walimwogopa msibani, alifunga domo, na jambo hilo lilimkaa kooni mwaka mzima.

Umoja ulisema mambo hayo yaishe. Ulifundisha watu kusimama wanaposemeshwa, kunyosha mkono, kusema "naomba kusema", kusikiliza mwenzako mpaka amalize hata kama anasema upuuzi, kisha kwenda barazani mkiwa na neno moja. Mara ya kwanza Klementina aliponyosha mkono, watu arobaini walinyamaza wakamngoja. Hakuna mwanamume aliyewahi kumngoja amalize sentensi, wala marehemu mumewe. Alirudi nyumbani siku ile akashindwa kukaa chini. Alizunguka uani akipanga vyungu ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. Tangu hapo akawa haendi mahali bila kuuhubiri Umoja. Kila nyumba aliijua kwa msiba wake, na kila nyumba ilimfungulia.

Mwenyekiti alikuwa Marselino, mtoto wa Mzee Sebastiani, karani wa mashine ya kukoboa mpunga. Hapo tuseme kweli: alikuwa mtu wa kupendeza. Shati jeupe, sauti ya chini, hasahau jina la mtu. Klementina alimbeba mgongoni alipokuwa mchanga, na alijivunia hilo kwa yeyote aliyetaka kusikia. Marselino alipojenga nyumba ya bati kando ya barabara akatoa chumba kimoja cha pembeni kiwe ofisi ya Umoja, bure, watu walisema huyu ndiye. Chumba kilipakwa chokaa, kikawekwa mabenchi na meza. Kilikuwa na dirisha linalotazama barabara, na chini ya harufu ya chokaa palikuwa na harufu nyingine hafifu, ya dawa ya kuchua na ya kitanda cha zamani, ambayo Klementina aliisikia lakini hakuiuliza.

Katika chumba hicho ndimo zilimotungwa kanuni. Aliyeziandika ni katibu, mwalimu Fulgensi, kijana mwenye mwandiko mzuri na shingo nyembamba. Kanuni ya kwanza, kuheshimu mkutano. Ya pili, kutokuja umelewa. Ya tatu, kumsalimu kila mtu, mwenye kadi na asiye nayo. Ya nne: mwanachama asimtukane mtu yeyote, mahali popote, kwa sababu yoyote. Walioitunga walikuwa wanamfikiria tarishi na ng'ombe zake. Hapakuwa na mtu hata mmoja, kati ya watu ambao wote walizaliwa na watani na watazikwa na watani, aliyekumbuka kuuliza kuhusu utani. Klementina alinyosha mikono yote miwili kuikubali, wakamcheka, wakamwambia kura ni moja.

Masika ya 1958 yalikuja kwa hasira. Mto ulivuka kingo zake mapema, na mashamba ya bondeni yakageuka ziwa. Siku moja asubuhi Klementina alikwenda kwa mtumbwi kutazama kama kuna kilichobaki kwenye shamba lake, akaona moshi mwembamba ukitoka kwenye dungu la shamba la Marselino, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya miti cha kulindia nguruwe na ndege. Alishangaa. Mpunga ulikuwa umezama wote. Nguruwe gani anayelindwa majini? Akasogea.

"Umekuja kunila, fisi?" sauti ikasema kutoka juu.

Alikuwa Mzee Sebastiani. Klementina akacheka, akafunga mtumbwi kwenye ngazi, akapanda.

"Nikule nini, mchumba wangu? Mifupa mitupu hiyo, hata mchuzi haitoi."

Walicheka wote wawili, yule mzee akacheka mpaka kikohozi kikamshika, na kilipomwachia Klementina alikuwa ameshaona. Miguu ilikuwa imevimba, ngozi kati ya vidole imeoza kwa maji, na mkeka aliolalia ulikuwa umelowa kwa mvua na kwa vitu vingine pia. Chakula kilikuwa muhogo wa jana kwenye jani. Inzi walikuwa wengi, na mzee hakuwa akiwafukuza.

"Nani amekuweka huku?"

"Nalinda mpunga."

"Mpunga umezama, Mzee Sebastiani."

"Basi nalinda maji." Akatabasamu kwa meno yake matatu. Kisha akaona mtani wake hacheki tena. "Ni kwa muda tu. Chumba changu kina kazi ya watu. Mtoto anapokea wageni wakubwa, na mimi nakohoa, natema mate, nanuka. Mwenyewe nilimwambia nitatoka."

"Chumba chako kipi?"

"Cha pembeni. Chenye dirisha la barabarani."

Klementina alishuka ngazi taratibu kama mtu anayeshuka kisimani, akashika mti wa dungu, akatapika majini. Miezi sita! Miezi sita alikuwa amekaa kwenye benchi lile, akinyosha mikono miwili kwa ajili ya heshima ya binadamu, mahali palipoondolewa kitanda cha mtu. Alijichukia mpaka mate yake mwenyewe yalimwia machungu.

Alirudi na maji ya moto, uji na nguo kavu. Alimwosha yule mzee tangu kichwani mpaka miguuni, akimtukana muda wote kwa sababu bila matusi asingekubali kuoshwa na mwanamke. Akataka kumpakia kwenye mtumbwi ampeleke kwake. Mzee akakataa katakata.

"Ukinitoa wewe, mwanangu atatazamwaje na watu? Niache. Siku yangu haiko mbali. Siku hiyo ni ya kwako, nani atakunyamazisha? Mtukane, Klementina. Mtukane sawasawa, usibakishe, ili yaishe. Sitaki abaki nayo."

"Nitamtukana," akasema.

"Niahidi."

"Nitamtukana mpaka atafute pa kujificha. Kula uji."

Hata hivyo hakuridhika kungoja kifo. Jumamosi alikwenda kwenye mkutano wa kamati, akanyosha mkono, akasimama. Akasema Mzee Sebastiani anaoza shambani ilhali wao wamekaa chumbani mwake, na akaomba mkutano uhamie chini ya mti wowote, hata kwenye zizi la mbuzi, ili mzee arudi kitandani. Walimsikiliza mpaka akamaliza. Hilo walilijua, kusikiliza.

Marselino hakupandisha sauti. "Namshukuru mama Klementina," akasema. "Ila jambo hilo ni la nyumbani kwangu, halimo kwenye ajenda. Na niwakumbushe kanuni ya nne. Kumwambia mwenzako amemtupa baba yake ni tusi."

Fulgensi akainamia daftari lake. Wengine wakatazama dirishani. Watu tisa wa kamati, wenye mama na baba, na hakuna mkono ulionyoshwa. Kisha wakaendelea na mpango wa kuwapokea wageni, nani apike na nani afagie barabara, kwa utaratibu mzuri kabisa, kila mtu akiomba ruhusa kabla ya kusema. Klementina aliwatazama midomo yao ikifunguka na kufungwa, akahisi kichefuchefu kile kile cha kwenye dungu. Tarishi wa jumbe alikuwa mshenzi, lakini angalau alikuwa mshenzi waziwazi.

Kwa majuma matatu alipeleka uji. Siku moja ya juma la nne alikuta mzee amelala kifudifudi, ameshapoa.

Kwa bahati mbaya ya Marselino, wageni wa Umoja kutoka Mahenge na Kilosa walikuwa wameshafika. Maiti ililetwa kwa mtumbwi wenye turubai, ikavishwa suti, ikalazwa katika chumba cha pembeni, mabenchi yametolewa. Kwa hiyo Mzee Sebastiani alirudi chumbani kwake. Wageni waliambiwa kwamba marehemu alipenda sana shamba, hata uzeeni huwezi kumtoa huko. Wakatikisa vichwa kwa kusikitika.

Klementina alikuja kama ilivyo kazi yake. Majivu usoni, kikohozi cha mzee kooni, na maneno aliyoyapanga njia nzima, maneno ambayo yangemfanya Marselino apige magoti na watu wacheke huku wanalia. Nyuma yake alikuwa Hilari, kijana wa ukoo wake, na watani wengine wanne na majembe yao. Mwalimu Fulgensi aliwazuia kwenye uwazi wa ua.

"Mama, shikamoo. Nimetumwa. Leo tunaomba tuzingatie kanuni. Kuna wageni, watatuonaje? Atakayetukana atarudisha kadi."

"Umetumwa na marehemu?"

Marselino akatoka ndani, macho mekundu. Alilia kweli, hilo asinyimwe. Akamshika Klementina mkono kwa upole. "Mama, mimi na wewe ni viongozi. Utani ni ushamba, tumeshauvuka. Nizikie baba yangu kwa heshima. Nakuomba."

Aliomba vizuri. Kila mtu uani aliona jinsi alivyoomba vizuri. Klementina alimtazama muda mrefu, na wale waliomjua walishika mbavu, wakijua sasa mvua itanyesha. Badala yake alikwenda kwenye mtungi, akachota maji, akanawa majivu yote mpaka uso ukabaki mtupu. Akarudi. Akapiga goti mbele ya yule mtu ambaye yeye mwenyewe alimwogesha kwenye karai alipokuwa mtoto, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mwenyekiti."

Marselino akafungua mdomo, akashindwa kuitikia. Angesemaje marahaba kwa mtu wa umri wa mama yake?

"Leo tuna adabu," Klementina akawaambia akina Hilari. "Kazeni majembe."

Walichimba bila mzaha. Maji ya masika yalikuwa yanajaa kaburini upesi kuliko walivyochimba, wakapokezana debe kuyachota, na kila aliyepokea debe alisema asante. Hakuna aliyelala kaburini. Hakuna aliyedai kuku. Kuku alikuwepo, amefungwa miguu kwenye nguzo ya ukumbi tangu asubuhi, kwa sababu mke wa Marselino alikuwa na akili kuliko mumewe. Marselino akatoa hotuba. Alimzungumzia baba aliyemfundisha kwamba kila mtu, hata awe mnyonge namna gani, anastahili heshima. Wageni waliitikia kwa vichwa. Watu wa Ifakara walitazama chini, wakingoja; walingoja kila udongo ulipotupwa, wakimtupia jicho Klementina, na yeye alikuwa amesimama na mikono imefumbatwa kama mgeni aliyekuja kwa basi. Udongo ukajaa, ukasawazishwa. Watani wakanawa mikono, wakapita mmoja mmoja mbele ya Marselino. "Pole sana, mheshimiwa." "Pole sana, mheshimiwa." Hilari, aliyetahiriwa pamoja na Marselino, naye akasema pole sana, mheshimiwa. Kisha wakaondoka, na watu wengi wakaondoka nao kabla sufuria hazijafunuliwa.

Tangu siku ile Marselino hakuona tena jambo lolote baya kutoka kwa mtu. Mashineni walimwamkia, kanisani walimpisha kiti, kivukoni walimtanguliza. Vikongwe walimpigia magoti njiani. Wanaume wa rika lake, waliokuwa wakimwita pua ndefu, sasa walimwita baba. Hakuna aliyemgusa wala kumcheka, na lile la dungu, ambalo lilipaswa kuachwa kaburini, lilitembea naye kila alipokwenda, likimtangulia mlangoni. Mkutanoni mikono ilinyoshwa, hoja zilikubaliwa zote, na hakuna aliyesema kitu. Klementina hakurudisha kadi yake. Alihudhuria kila Jumamosi, akakaa kwenye benchi lililokuwa karibu na mlango, akanusa chokaa, akarudi nyumbani. Watu walisema amemwadhibu. Yeye hakuhisi kwamba anaadhibu mtu. Alihisi tu kwamba amekula kitu kibovu ambacho hakitaki kushuka wala kutoka.

Mavuno yalikuwa kidogo mwaka ule, ya wale waliopanda upya baada ya maji kupungua. Mchana mmoja Klementina alikuwa anapiga mpunga nyuma ya nyumba, peke yake, alipomwona Marselino anakuja kwa miguu kupitia shambani. Shati lilikuwa chafu kwenye kola. Amepungua. Kwapani alikuwa na kuku. Hakungoja kukaribishwa, alikaa chini kwenye mabua.

"Nitukane, mama," akasema.

Klementina akaendelea kupiga.

"Tumeifuta ile kanuni. Jana, kwenye kikao cha dharura, mikono yote. Wewe hukuwepo. Kuku huyu hapa. Kama si huyu nitaleta mbuzi. Nitukane mbele ya watu au hapa hapa, utakavyo." Sauti yake ya chini ilikuwa imekatika vipande. "Hakuna anayenitukana. Mke wangu mwenyewe ananiambia tafadhali."

Fimbo ikatulia. Kusema kweli, alitaka. Aliahidi kwenye dungu, kwa mtu anayekufa, na ahadi ile ilikuwa inamwamsha alfajiri. Mbele yake alikuwa yule mtoto wa kwenye karai, amekaa amekunja magoti. Akajaza kifua, akafungua mdomo, akatafuta. Akatafuta kikohozi cha mzee, akapata miguu iliyooza. Akatafuta lile la nalinda maji, lililomchekesha mwenyewe siku ile, likamjia na inzi wake. Kila alichokishika kilikuwa na harufu. Utani unatoka tumboni kwa mtu unayemtaka abaki, na yeye tumboni mwake mlikuwa na kinyaa tu. Akafunga mdomo.

"Baba yako aliniagiza nikutukane," akasema. "Alinisihi, ili yaishe. Nimetafuta tangu masika, na sasa hivi nimetafuta tena. Kila ninalolipata si utani, mheshimiwa. Ni kweli tu."

Marselino alingoja kama kuna lingine. Hapakuwa na lingine. Klementina aliingia ndani akamtolea kigoda, na maji katika bakuli la wageni, akamwekea mbele kwa mikono miwili, kisha akarudi kwenye mpunga wake.